Kulala Mara Ngapi Hadi Léopoldville

Asubuhi niliyotoka Lubondja sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na shati moja, muhogo wa kuchoma ndani ya jani, na swali. Siku chache kabla, ndege ilikuwa imepita juu ya shamba letu, chini kabisa, hata mbuzi wakakata kamba. Nikauliza inatoka wapi na inaenda wapi. Hakuna aliyejua, na kibaya zaidi, hakuna aliyetaka kujua. Baba alisema, "Hiyo inapita tu. Lima." Nililima mpaka mwisho wa mstari, nikaegemeza jembe ukutani, na kesho yake nikashika njia ya Fizi.

Ninawaandikia ninyi mnaofanya kazi kwenye kiwanja cha ndege sasa, kwa sababu mmeniuliza mara nyingi kazi ilikuwaje miaka ile ya hamsini, na kila mara tunaitwa kabla sijamaliza. Sasa nimestaafu, hakuna wa kuniita. Vyeo sitavieleza. Nilivipata vichache, na vilikuja nikiwa nimeshazoea kukaa bila hivyo.

Shule niliacha darasa la nne. Mwalimu hakunifukuza. Mimi nilichoka kujibiwa "kaa chini", naye alichoka kusema "kaa chini", tukaachana kwa amani. Pale Fizi nilimuuliza mlinzi wa bureau, ofisi ya serikali, ndege zinalala wapi. Akanitazama kama mtu anayetaka kuiba moja. "Albertville," akasema, "lakini mutu kama weye utaenda kufanya nini kule?" Nikamwambia naenda kuziona zikilala. Nikateremka mpaka Baraka, nikapata mashua ya injini iliyobeba ndagala, dagaa wa ziwa letu, wakavu, na madebe ya mawese. Nauli yangu ilikuwa kuchota maji yaliyoingia chini ya mashua, na yaliingia kwa bidii kubwa.

Kazi ya kwanza kiwanjani haikuwa na ndege hata kidogo. Ilikuwa kukata majani. Uwanja ule ulikuwa wa udongo mwekundu uliopigwa na roller, na kando zake majani yaliota usiku mmoja kama yamelipwa. Kabla ndege haijashuka tulitembea mstari mmoja, watu kumi, tukiokota mawe na kufukuza mbuzi. Jiwe dogo kama kidole gumba linaweza kupasua gurudumu. Nawaambia ninyi mnaotembea juu ya lami na mikono mifukoni: inameni. Mawe bado yapo.

Aliyenitoa kwenye majani ni Papa Ramazani, mtu wa Baraka, mzee wa mizani. Familia yake ilikuwa ya wenye mashua, Waislamu wa pwani ya ziwa tangu zamani, na yeye peke yake ndiye aliyeacha maji. Kazi yake ilikuwa kupima kila kitu kinachoingia ndani ya ndege: mizigo, posta, kuku, na watu wenyewe. Alikuwa na tabia ya kuwasalimu watu kwa uzito wao. "Karibu, kilo sabini na mbili. Mama hajambo?" Mtu alipanda juu ya mizani akicheka na kushuka amenyamaza.

Alinifundisha kufuta chini ya sahani ya mizani kila asubuhi, kwa sababu mchanga unaoingia huko unadanganya. Alinifundisha kutoamini mwanamke anayesema kikapu kina nguo tu. Na alinifundisha jambo kubwa kuliko yote, kwamba uzito si kitu mpaka ujue utauweka wapi. Ndege ya mizigo ikienda karibu tupu, tuliweka magunia ya mchanga nyuma, upande wa mkia, ili ikae sawa hewani. Nilibeba magunia hayo miaka. Yalipanda ndege mara nyingi kuliko watu wa kwetu wote, nami niliyaonea wivu.

Ndani ya ofisi kulikuwa na ramani ya Kongo nzima ukutani. Rubani mmoja, mzungu mpole aliyekuwa na macho mekundu ya vumbi, aliniona naitazama, akanipa uzi. Akaweka ncha moja Albertville na nyingine Léopoldville, akanionyesha jinsi ya kuushusha uzi kwenye kipimo kilichochorwa pembeni. Kilomita elfu moja na mia tano na kidogo. Nikauliza, kwa saa? Akasema, kwa ndege hii, saa sita hewani hivi, na katikati unashuka Luluabourg kunywesha mafuta. Tangu siku hiyo nilipima kila kitu kwa uzi ule. Lubondja peke yake sikuweza kuipima, kwa sababu kwenye ramani haikuwapo.

Nilikuwa na sababu ya kupima Léopoldville kwanza. Kaka yangu mkubwa, Asukulu, alikuwa huko. Alikuwa seremala. Aliondoka nikiwa bado shuleni, na barua yake ya kwanza ilieleza safari tu: mashua mpaka Albertville, treni, kungoja, treni nyingine, halafu meli ya mto chini, chini, siku baada ya siku, watu wakipika na kuoa ndani yake. Karibu majuma matatu. Mama alikuwa akiomba asomewe barua ile kila mgeni anayejua kusoma alipopita. Hakutaka sehemu ya salamu. Alitaka sehemu ya njia. Alikuwa akiifuata kwa kidole hewani, na alipofika mwisho wa meli alishusha mkono na kusema, "Mwanangu iko mbali sana," kwa sauti ya mtu anayemsamehe mwingine.

Nami nilikuwa na hamu ya kaka yangu kwa namna ambayo sikuwa na mtu wa kumwambia. Yeye ndiye aliyenijibu nilipokuwa mdogo. Nikiuliza kwa nini ubao unapinda, aliweka randa chini na kunieleza. Kiwanjani, kila ndege ya Léopoldville iliposhuka, nilitazama mikono ya abiria, nikitafuta ya seremala.

Kisha baba akafa.

Habari ililetwa na mwenye mashua. Papa Ramazani aliniachia siku, nikaenda. Kutoka Albertville mpaka Lubondja nililala mara mbili njiani, mara ya kwanza ndani ya mashua na mara ya pili Fizi, kwa kuwa mvua ilikuwa imeharibu njia. Nilikuta wameshazika. Mama alikuwa ameketi juu ya mkeka wa msiba, kichwa kimenyolewa, miguu imenyooshwa mbele, na pale angekaa.

Lazima niwaeleze desturi ya ukoo wetu, maana wengine wenu mmezaliwa mjini. Mjane wa kwetu hasimami mwenyewe kutoka kwenye mkeka. Halimi, hachoti maji, haendi mtoni. Siku ya kuondoa matanga, mtoto wake wa kiume wa kwanza anamshika mkono na kumwinua, na tangu hapo mtoto huyo ndiye mwenye nyumba. Kama mkubwa yuko mbali, wa pili anamwinua kwa niaba yake. Lakini huyo wa pili akishainua, nyumba ni yake, na kuondoka tena haondoki. Na mbali ni wapi? Wazee wetu walihesabu malalo. Ukilala njiani zaidi ya mara nne, uko mbali, hawakungoji. Mara nne au chini yake, uko karibu, na mama atakungoja hata mwaka.

Wa pili nilikuwa mimi.

Baba mdogo Wilondja, aliyekuwa mkubwa wa kikao, aliniita mbele ya watu wote. Tayari walikuwa wamekubaliana kwamba Asukulu yuko mbali. Waliniita kwa heshima tu, ili nitamke.

"Alimasi, weye ndiye unafanya kazi ya ndeke. Kutoka hapa mpaka Albertville, unalala mara ngapi?"

"Mara mbili, baba mudogo."

"Muzuri. Na kutoka kule mpaka Léopoldville?"

"Kwa treni na meli ni karibu poso tatu, baba mudogo."

Wakaitikia. Poso tatu, majuma matatu, ilikuwa inatosha. Ningenyamaza hapo. Lakini mjomba mmoja mwenye mdomo akasema, "Na hiyo ndeke yenyewe? Ao inabebaka tu mabarua ya bazungu?"

"Inabeba na batu."

"Batu bausi?" Watu weusi, alimaanisha.

"Na batu bausi pia, mujomba."

Baba mdogo akainua kichwa. "Basi kwa ndeke, analala mara ngapi?"

"Halali."

"Halali juu ya woga?"

Watu wakacheka, hata kwenye msiba. Nikangoja wamalize.

"Halali juu anafika. Anatoka asubui, anafika jua ingali juu."

Kicheko kikaisha. Baba mdogo akafunga macho, nikaona vidole vyake vinahesabu. Akasema polepole, "Kutoka Léopoldville mpaka Albertville, hakuna kulala. Kutoka Albertville mpaka hapa, mara mbili. Basi Léopoldville ndiyo karibu. Mbali ni hapa."

Kisha mama, ambaye hakuwa amesema neno tangu nifike, akasema kutoka mkekani, "Kama ni mara mbili tu, mutaniinua na mukono ya nani mwingine? Nitamungoja."

Yule mjomba akanigeukia. "Umeona? Ulienda kutafuta ndeke, sasa ndeke imekalisha mama yako chini!"

Nilichosema kilikuwa kweli, na kilinipa ruhusa ya kurudi kiwanjani, maana nisipomwinua mama nyumba hainifungi. Nilijua hivyo nilipokisema. Kama jibu la kweli lingenifunga Lubondja, sijui ningejibuje. Katekista aliandika barua fupi, baba amekufa, njoo, nikaibeba mwenyewe, nikaiweka ndani ya mfuko wa posta wa Léopoldville kwa mkono wangu.

Barua haikujibiwa. Mvua zikaendelea. Kila mwenye mashua aliyetoka Baraka nilimuuliza, na jibu lilikuwa lile lile: mama yako angali chini. Wanawake walipanda muhogo wakapanda na shamba lake. Mwingine akaniambia miguu imeanza kumvimba. Mwingine akaniambia kwamba kila ndege inayopita juu ya Lubondja, anauliza, "Imeshuka?" Zamani alikuwa na barua ya njia ndefu ya kumfariji. Mimi nilikuwa nimemnyang'anya hiyo njia nikaacha siku moja tu mahali pake, na siku moja mtu hawezi kuisamehe.

Nilianza kukosea mizani. Papa Ramazani aliona. Aliona kila kitu kinachozidi.

"Weye una nini? Umemuandikia yule Padri kilo arobaini. Padri yule!"

Nikamweleza. Alisikiliza akifuta sahani ya mizani, kisha akanionyesha kwa kidevu. "Panda." Nikapanda. "Sitini na moja. Magunia mawili ya muchanga na kuku moja." Akaenda kwa rubani wa macho mekundu, ambaye kesho yake alikuwa anaipeleka ndege ya mizigo Léopoldville karibu tupu. Niliwaona wakizungumza, mzee akipima kwa mikono. Aliporudi alisema, "Bwana anakubali. Atachukua gunia lenye miguu. Gunia moja kwenda, gunia moja kurudi kesho kutwa. Si mawili. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

"Umesikia vizuri?"

Nilisema ndiyo. Sikuwa nimefikiri bado.

Nilikuwa nimefanya kazi na ndege miaka mitatu bila kuacha ardhi. Niliketi nyuma kabisa, mahali pa mchanga, juu ya kiti cha turubai. Saa moja asubuhi tuliondoka. Sitawaeleza mawingu, mnayajua. Nitawaeleza kwamba nilitafuta Lubondja dirishani nikiwa najua kabisa tunaelekea upande mwingine. Luluabourg nilishuka kusaidia kusukuma pipa la mafuta, kwa mazoea, wakanifukuza wakidhani ni mwizi. Tulipogusa Léopoldville, msaidizi wa rubani alinionyesha saa yake, akaurudisha mshale nyuma saa nzima. Kule jua linachelewa. Yaani njia ile, fupi namna ile, ilikuwa bado inarudisha chenji.

Niliuliza maseremala, mmoja akanipeleka kwa mwingine, na kabla ya jioni nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Asukulu. Uwanja wa nyumba ulijaa maranda ya mbao. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alinitazama usoni, akamwita mumewe kabla sijasema jina. Kaka alitoka na penseli sikioni. Alikuwa amenenepa. Alinishika mabega yote mawili, akanisukuma nyuma anitazame, akanivuta tena. Kwa muda kidogo tulikuwa watoto.

Kisha akasema, "Nilipata barua. Tulimulilia baba hapa, batu bote ya kwetu walikuya. Mama alisimama siku gani?"

"Hajasimama, yaya." Kwetu ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa.

"Namna gani, hajasimama? Weye ulikuwa wapi?"

"Anakungoja weye. Bazee walisema uko karibu."

"Karibu!" Akacheka kwa hasira. "Nilitembea poso tatu kufika huku. Nani aliwaambia niko karibu?"

"Mimi."

Aliondoa mikono yake mabegani mwangu. "Weye! Tangu mutoto, kupima, kupima. Nani alikutuma kupima njia?"

Mkewe alikuwa ameleta kiti, akasimama nacho mkononi.

"Nilisoma ile barua," akasema Asukulu, chini sasa, "nikajiambia, njia iko murefu, Alimasi atamuinua, watanisamehe. Nikalala. Miaka yote, Alimasi, nikimufikiria mama najiambia poso tatu, poso tatu, na ninalala." Akakaa juu ya benchi lake la kazi. "Weye ulitoka lini?"

"Leo."

"Leo asubui?"

"Leo asubui."

Alitazama viatu vyangu. Vilikuwa na udongo mwekundu wa kiwanja cha Albertville, haujakauka vizuri kwenye kisigino. Akainama, akaugusa kwa kidole, akausugua katikati ya vidole viwili. Mkewe akaweka kiti chini.

Hapo ndipo nilipofikiri lile nililopaswa kufikiri kwenye mizani. Gunia moja kurudi.

Hatukubishana. Nilimwambia tu saa ya kuondoka, na kwamba rubani anahesabu uzito, hahesabu sura. Kaka alikuwa mzito kuliko mimi, kwa hiyo sanduku la nguo libaki. Akauliza kama randa yake ndogo inaweza kuingia. Nikasema iweke mfukoni. Akamwambia mkewe kwa Kilingala, maneno mengi, naye akajibu maneno machache.

Asubuhi ile ya pili nilimsindikiza mpaka kiwanjani. Rubani alimtazama kaka, akanitazama mimi, akapandisha nyusi, akaonyesha mkia wa ndege. Kabla ya kupanda Asukulu aliniuliza, "Nikishafika, nimushike mama mukono gani?" Mtu mzima, baba wa watoto. Nikamwambia wa kuume. Sikuwa na uhakika, lakini alihitaji jibu, na yeye ndiye aliyenijibu zamani.

Kwamba mama alisimama, na kwamba alikataa kuachia mkono mpaka wafike mlangoni, niliyasikia baadaye kwa Papa Ramazani, aliyeyatuma kwa mdomo wa msaidizi wa rubani. Na kwamba Asukulu alikaa Lubondja akawa mwenye nyumba, na watu wake wakamfuata kwa meli na treni, hayo yalikuja mwaka mwingine. Siku ile sikujua lolote. Nilisimama kando ya uwanja wa Léopoldville mpaka ndege ikawa kama nzi, kisha kama kitu unachodhani unakiona. Mtu mmoja mwenye ufagio akanipigia kelele nitoke. Nikamuuliza kama wanatafuta watu wa kukata majani.

Nilirudi kwa miguu kwenye nyumba ya kaka. Mkewe alikuwa amekwisha kuhamisha mbao kutoka chumba cha pembeni na kutandika godoro la majani, shuka safi juu yake. Aliitwa Véronique. Hakujua Kiswahili, nami Kilingala nilijua maneno ya abiria tu. Watoto wawili walikuwa wamekaa mlangoni na viatu miguuni, kama watu wanaongoja kuitwa wakampokee baba yao.

Alinipa maji. Akaonyesha upande ndege ilikoelekea, akaniuliza, "Ezali mosika?"

Mosika nililijua. Ni mbali. Aliuliza kama ni mbali.

Nikafikiria uzi wa rubani. Nikaangalia viatu vya watoto.

"Mosika," nikasema. "Mosika sana."

Akaitikia kwa kichwa, akashusha pumzi, akapokea kikombe. Niliingia chumbani nikaketi juu ya godoro, ambalo lilikuwa bado linanuka mbao mbichi. Kupitia ukuta nilimsikia akiwaambia watoto lile neno, mosika, mara mbili, kwa sauti ya upole. Baadaye kidogo nikasikia viatu vikivuliwa na kutupwa, kimoja kimoja, na watoto wakakimbia kwenda kucheza.